Tundu Chini ya Maji Meupe

Jumatano asubuhi, siku tatu kabla ya watoto wa shule kuletwa, Bi Kioo alikaa kwenye ukingo wa bwawa, upande wa kina, akachovya mguu mmoja majini. Mwanzoni mwa juma maji yale yalikuwa ya kijani kibichi. Kijani hicho alikiua kwa klorini, ndoo baada ya ndoo, na sasa maji yamegeuka meupe, mazito, kama yaliyooshewa mchele. Mguu wake aliuona hadi kwenye kifundo. Kuanzia hapo kwenda chini hakukuwa na mguu.

Akauvuta upesi. Akajicheka kwa woga wake wa kitoto.

Bwawa hilo la klabu lilifungwa kila mwaka kwa miezi minne ya baridi, na kila mwaka yeye ndiye aliyelifufua. Miaka kumi na tisa sasa. Jina la Kioo alipewa na wanachama, kwa sababu msimu ukianza maji yake yalikuwa safi kiasi kwamba mtu akitupa kifungo cha shati upande wa kina angeweza kusema kina matundu mawili au manne. Hilo halikuwa uchawi. Ilikuwa sheria yake moja tu, aliyoishika kama watu wengine wanavyoshika sala. Kila asubuhi kabla ya kufungua geti alisimama ukingoni, akatazama mita tatu kwenda chini, akahesabu vichwa vya skrubu kwenye kifuniko cha tundu la katikati. Akiziona zote nne, geti linafunguliwa. Akiona tatu, watu watakaa nje hata wakija na barua ya serikali. Kuna bibi harusi aliyewahi kusimama getini saa nzima na shela lake, mpiga picha akitokwa na jasho, mpaka Bi Kioo aliporidhika.

Na mwenyewe hakujua kuogelea. Kocha, kijana wa miaka thelathini na ushei aliyefundisha watoto pale, hakuchoka kumtania.

"Shangazi, wewe ni mpishi asiyeonja."

"Mimi ni daktari wa maji," alimjibu kila mara. "Umeona daktari gani analala kitanda kimoja na mgonjwa?"

Tundu lenyewe lilikuwa na upana wa kisosi. Pampu ilivuta maji kupitia hapo na kuyapeleka kwenye chujio la mchanga, kisha ikayarudisha bwawani. Kifuniko kilikuwa na vijitundu vingi ili nguvu ya kuvuta igawanyike, mtu akikanyaga asihisi kitu. Kikiondoka, nguvu yote inabaki mahali pamoja. Mzee aliyemfundisha kazi, siku ya kwanza kabisa, aliondoa kifuniko bwawa likiwa na maji ya magoti tu, akawasha pampu, akasogeza taulo kuukuu karibu na tundu. Taulo lilikwenda lote kwa mkupuo mmoja, kama ulimi unavyorudi mdomoni. "Umeona?" yule mzee alimwambia. "Hili halijui taulo na mtu." Bi Kioo hakulisahau taulo lile.

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumatano, alipokwenda chumba cha pampu kuvaa aproni yake ya mpira ili amimine asidi, na mkono wake ukaingia mfukoni ukakuta kopo dogo la dawa ya viatu, alisimama kama aliyeitwa. Akalifungua kopo. Ndani mlikuwa na skrubu nne.

Akajaribu kukumbuka. Mwezi uliopita, bwawa likiwa tupu, alishuka kwa ngazi akafungua kifuniko, akakisugua, akakiweka pembeni kikauke. Alikuwa amepiga magoti pale chini, juani, kopo mkononi, simu ilipolia. Ni jirani. Dada yake ameanguka jikoni, amepelekwa hospitali, haongei. Baada ya hapo Bi Kioo alikumbuka barabara, benchi la kusubiria, harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Siku kumi na moja alikaa kwenye benchi lile. Aliporudi kazini alikuta bwawa limejaa, maji yameanza kuota ukijani, na Mzee Maua, mtunza bustani, akijisifu kwamba tarehe ilipofika alifungulia bomba bila kukumbushwa na mtu. Mzee wa watu hakuwa na kosa. Ndivyo alivyoagizwa kila mwaka, na macho yake yenye mtoto wa jicho yasingeona kifuniko chini kule hata bwawa likiwa kavu.

Alifunga kifuniko kabla ya kupanda ngazi, au hakufunga? Kila msimu alinunua skrubu mpya nne na kuzitupa za zamani. Hizi koponi, basi, huenda ni za zamani, na mpya ziko chini mahali pake. Akazisogeza dirishani, akazigeuzageuza. Ziling'aa. Lakini chuma kisichoshika kutu hakina umri. Zingeweza kuwa za mwaka huu, zingeweza kuwa za mwaka juzi.

Akatazama valvu tatu zilizopangana ukutani, za kufungia njia za maji. Ile ya tundu la katikati mpini wake ulivunjika misimu miwili iliyopita, ikakwama wazi. Aliripoti, akaambiwa kipuri kimeagizwa. Akachukua ufito wake mrefu wa kusugulia, akatoka nao, akajinyoosha ukingoni mpaka mbavu zikauma. Ufito ulikuwa wa mita tano na tundu lilikuwa katikati ya bwawa, mbali na kila ukingo. Siku zote sehemu ile ilisuguliwa na Kocha, kwa kupiga mbizi. Ncha ya ufito ilizama katika ule weupe, ikapapasa vigae, ikarudi haina habari.

"Mama, haya ni maji au uji?"

Alikuwa meneja, nyuma yake, tai shingoni, simu mkononi. Kijana mwenye adabu, aliyeendesha klabu kutokea ofisini, na dirisha la ofisi yake lilitazama maegesho ya magari.

"Yanakuja, bosi. Kijani kimekufa. Mizoga yake ndiyo hii inayoelea, midogo mno, chujio linaikamata kidogo kidogo."

"Jumamosi watoto arobaini. Tangazo limeshabandikwa."

"Sitafungua kama sioni chini."

"Chini kuna nini, mama?" Meneja alicheka. "Chini ni chini. Watoto wanaogelea juu. Tutawavika maboya."

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwepo, yamejipanga mdomoni, mafupi: sina hakika kama tundu limefunikwa. Lakini miaka kumi na tisa ilisimama mbele ya maneno hayo kama mlinzi. Akasema, "Nipe mpaka Ijumaa."

Njia ya haraka ya kuyasafisha maji kama yale ni shabu. Unaimwaga, unazima pampu, uchafu unashikamana na kuzama sakafuni, kisha unaufyonza. Ila ufyonzaji wa sakafu nzima ulihitaji mtu wa kufika katikati, na katikati ndiko alikokuogopa. Akachagua njia ya pili, ya taratibu: dawa ya kugandisha kidogo kidogo, na pampu ikizunguka mchana na usiku bila kupumzika, chujio likioshwa kila baada ya saa sita. Akaandika kwenye kipande cha boksi kwa kalamu nene, akakitundika juu ya swichi: PAMPU ISIZIMWE. Kisha akamwita Mzee Maua, maana maandishi hayo mzee asingeyaona.

"Mzee wangu, hii pampu isinyamaze. Hata mbingu zikidondoka."

"Na umeme ukikatika?"

"Ukirudi tu, wewe ndiye wa kwanza kuiwasha. Usinisubiri. Kabla hujavaa hata viatu."

"Kwani mimi viatu navaa lini?" alisema Mzee Maua, akimwonyesha nyayo zake zilizopasuka. "Lala usingizi, mwanangu. Macho yangu yamezeeka, masikio bado. Ikinyamaza nitaisikia hata nikiwa kwenye waridi kule mwisho."

Alhamisi ngazi ya chuma ilionekana kidato cha pili. Jioni, kidato cha tatu. Maji yalisafika kama mtu mbishi anavyokubali kosa, nusu leo, nusu kesho, huku akikutazama kwa jicho la pembeni. Kila saa alipima kwa kichupa, akaongeza asidi kiganja kimoja, akarudi ukingoni kutazama. Ilipotimia saa kumi na moja aliona jambo lililomtia ubaridi: juu ya katikati ya bwawa, jani moja lililoanguka kutoka kwenye ua wa miti uliozunguka bwawa lilikuwa likizunguka polepole, mahali pale pale, halisogei kushoto wala kulia. Pengine ni upepo. Akakaa akilitazama mpaka lilipolowa, likalala ubavu, likazama.

Nyumbani dada yake alikuwa amekaa kitandani, mito miwili mgongoni. Ulimi wake ulikuwa umerudi wote, tena umerudi na makali zaidi.

"Una nini wewe? Tangu jana unachemsha maji unayaita chai. Majani umeyaacha kwenye mkebe."

"Maji ya bwawa yamekataa, dada."

"Yamekataa maji, au umekataa wewe?"

Bi Kioo akakaa kwenye kona ya kitanda. Akazungusha kikombe mkononi. "Siku ile ulipoanguka," alisema, "mimi nilifika hospitali vipi? Nilivaa nini?"

"Uliza vizuri. Ulikuja na aproni ya mpira hadi kwenye magoti. Sikuweza kusema, lakini macho nilikuwa nayo. Nikasema moyoni, huyu kaja kunichinja kabla daktari hajamaliza."

"Nilishika kitu chochote?"

"Kopo." Dada yake aliinua mkono wake mzima akaonyesha ukubwa wake. "Ulilishika siku nzima. Nesi alitaka kulitupa, ukamfokea mpaka wagonjwa wakaamka. Nikadhani ni dawa yangu umeniletea. Kwani lilikuwa na nini?"

"Skrubu."

"Za nini?"

Skrubu za zamani angemwachia nesi azitupe; hizi zilikuwa mpya, na chini hapakuwa na nyingine. Dada yake, aliyemlea tangu walipofiwa na mama, akausoma uso wake mstari baada ya mstari. Akamuuliza tena, safari hii bila utani, na Bi Kioo akamweleza: kifuniko, simu, ngazi, bomba, watoto arobaini. Alipofika mwisho akaongeza upesi, "Si kosa lako wewe kuumwa."

"Najua si kosa langu. Mimi nilianguka, sikuangusha mtu." Dada yake alimshika kiwiko. "Kesho ukaseme. Wala usinitaje mimi katika habari hiyo. Sema ulisahau. Mtu husahau."

"Mimi sisahau."

"Basi sema wewe ni malaika umesahau. Lakini sema."

Ijumaa aliingia kazini jua likiwa bado chini ya paa la ukumbi. Kidato cha nne. Kati ya hapo na sakafu kilibaki kimo cha mtu mzima, na kesho asubuhi kingebaki nusu yake. Wazo likamjia, zuri na safi, likamtembelea kama mgeni aliyevaa vizuri: kesho watoto wakiwa majini azime pampu. Basi. Pampu ikizimwa tundu ni tundu tu, halivuti. Saa mbili za mafunzo, watoto watatoka, jioni maji yatatakata, Kocha atashuka kufunga skrubu, na jina lake litabaki lilivyo. Hakuna atakayejua. Alilitazama wazo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka kukubali baadaye.

Kisha akaenda kumtafuta Kocha. Alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo akipuliza maboya.

"Shangazi! Leo umekuja kunywa uji wako?"

"Tundu la katikati liko wazi," alisema. "Niliondoka siku ya dada bila kulifunga. Skrubu hizi hapa."

Kocha akaliacha boya. Likatoa pumzi yake yote kwa mluzi mrefu, na hakuna aliyelizuia.

"Nani mwingine anajua?"

"Dada yangu."

"Meneja?"

"Nitamwambia. Lakini kwanza nilitaka mtu anayeweza kushuka."

Kocha akachukua lile kopo, akalitikisa sikioni, akaguna. "Zima pampu," alisema. "Nileteeni bisibisi. Dakika kumi tu, kisha twende kwa meneja wote wawili."

Alisema "nileteeni" kana kwamba wako wengi. Hawakuwa wengi. Alikuwa Bi Kioo peke yake, na haraka yake. Akakimbia chumba cha pampu nyuma ya ua, akashusha swichi chini ya kipande chake cha boksi, akachukua bisibisi, akarudi. Hatua thelathini kwenda, thelathini kurudi. Ukimya ulioshuka juu ya bwawa ulikuwa mkubwa, maana tangu Jumatano hapakuwa na ukimya pale.

Kocha alizama mara ya kwanza akaibuka akitema. "Chini kule sioni hata pua yangu."

Mara ya pili alikaa zaidi. "Kifuniko nimekipata. Kiko kama hatua mbili kutoka kwenye tundu, kimelala kifudifudi. Hapo hapo ulipokiweka, shangazi."

"Usiweke mkono ndani."

"Lazima nipapase matundu ya skrubu. Nitayaona kwa jicho gani?" Akavuta pumzi, mashavu yakajaa, akageuka kichwa chini. Nyayo zake zilipiga maji mara moja, zikamezwa na weupe.

Bi Kioo akaanza kuhesabu. Kumi. Kumi na tano. Alipofika ishirini na mbili akasikia, nyuma ya ua, sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe: kikohozi kimoja kikavu, kisha mngurumo unaopanda.

Baadaye hakukumbuka kukimbia. Alikumbuka mlango, na Mzee Maua akiwa amesimama pale pekupeku, mkasi wa waridi mkononi, uso wote ukitabasamu.

"Nimeiwahi, mwanangu! Ilizimika nikaisikia. Nimeiwahi!"

Alimpita, akaigonga swichi kwa kiganja. Mngurumo ukashuka. Akarudi mbio.

Maji yalikuwa yametulia. Hapakuwa na povu wala kiputo, wala kivuli. Uwanda mweupe tu, toka ukingo hadi ukingo, na jua likiutandika vizuri. Alimwita Kocha kwa jina lake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akauchukua ufito, akashuka ngazi kidato kwa kidato, maji yakampanda magotini, kiunoni, kifuani. Kidato kingine, yakamshika shingo. Miguu yake kuanzia magotini haikuwepo tena. Mkono mmoja ukiwa umeng'ang'ania chuma, akausukuma ufito mbele kadiri ulivyofika, akaupigapiga huku na huku chini ya maji, akisema, "Shika, shika, shika."

Ufito ukawa mzito ghafla, ukataka kumng'oa. Akaukumbatia. Kichwa cha Kocha kikatokea mbele, mdomo wazi, kikivuta hewa kwa sauti mbaya kama nguo inayopasuka. Mkono wa kushoto ulishika ufito. Wa kulia uliburuzwa nyuma yake kama si wake.

Walipokuwa wamekaa kwenye vigae, wote wamelowa, aliuona mkono ule. Kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko ulikuwa umegeuka rangi ya zambarau, na juu kabisa palikuwa na duara, nadhifu, la upana wa kisosi.

"Tundu lilinivuta mpaka bega likagusa sakafu," alisema Kocha alipopata pumzi. "Halafu likaniachia. Sijui ni muda gani." Akajaribu kukunja vidole. Vitatu vilikunjika.

Mzee Maua alikuwa amefika, akisimama mbali kidogo, mkasi ukining'inia. "Nimefanya nini?" aliuliza. "Niambieni nimefanya nini."

"Ulifanya nilivyokuagiza," alisema Bi Kioo. "Hujafanya kitu kingine."

Meneja alikuja kwa sababu ya kelele, akakuta mlinda bwawa wake amelowa mpaka nywele. Alitazama mkono wa Kocha, akageuza uso, akautazama tena. Bi Kioo alimweleza yote akiwa bado amekaa chini, kwa sauti ile ile aliyotumia kumpa ripoti ya klorini. Hakumtaja dada yake. Valvu iliyovunjika aliitaja, kwa kuwa ilikuwa kweli, lakini aliiweka mwisho.

"Na kesho?" Meneja aliuliza, kwa unyonge, kama mtu anayeuliza jambo ambalo jibu lake analiona. "Labda upande wa maji mafupi peke yake, tukifunga kamba..."

"Leta mkono wako, bosi," alisema Kocha. "Uupime pale chini kwanza. Kama wako utatoka mzima, watoto waje."

Meneja akaitia simu mfukoni. Alimwinua Kocha kwa upande mzima, akaenda naye kwenye gari ili ampeleke kwa daktari. Alipofika kwenye njia ya changarawe aligeuka. "Mama, Jumatatu tutazungumza." Alikuwa na adabu hata hapo.

Bi Kioo akaenda chumba cha pampu, akang'oa fyuzi zote tatu, akazitia kwenye mfuko wa aproni. Kisha akaingia ofisini, maji yakidondoka kwenye kapeti, akatafuta namba ya shule kwenye daftari la meneja. Akakosea mara moja, akapiga tena.

Simu ililia muda mrefu. Ilipopokewa, kabla ya sauti ya mtu yeyote, alisikia kelele za mapumziko: vicheko, miguu, mtoto fulani akipiga ukelele wa furaha kwa nguvu zake zote.

"Nazungumza na nani?" aliuliza mwalimu.

"Mtu wa bwawa. Kesho msiwalete."

"Samahani? Subiri kidogo, sikusikii. Watoto hawa leo wamepagawa, kila mtu anazungumzia kuogelea tu."

"Msiwalete," alisema Bi Kioo, akipaza sauti hadi ikafika kwenye korido. "Tundu la chini liko wazi, na limeshamshika mtu. Aliyeliacha wazi ni mimi."